Mrija wa Mikroni Tano

Siku yangu ya kwanza kazini niliimaliza nikiwa nimepiga magoti, shavu karibu na sakafu, nikimulika tochi chini ya meza. Sikuwa nasali. Nilikuwa natafuta ganda la almasi lenye ukubwa wa punje ya ulezi, ambalo dakika moja lilikuwa kwenye kibano cha bosi wangu na dakika iliyofuata halikuwapo.

Bosi huyo alikuwa Lucien, mzee wa hapahapa Brussels, aliyesugua lenzi za kamera na darubini maisha yake yote kabla ya kuanza kusugua vitu ambavyo hata kwa lenzi unaviona kwa shida. Tulisaka sakafu nzima, tukarudia. Mimi kila kitu nakihesabu mara mbili, ndiyo sababu mke wangu haniruhusu nipime mchele wageni wakiwa wanasubiri. Nilipoinua kichwa kumwambia tumeshindwa, nikaliona. Lilikuwa limenasa kwenye masharubu yake, linang'aa kama tone la supu. Umeme tuli ulikuwa umelirusha hapo.

"Usicheke," Lucien akasema bila kufungua midomo. "Ukicheka, pumzi yako inalipeleka baharini Ostende."

Nikazuia pumzi, nikachukua kibano, nikaling'oa. Baadaye aliniambia huo ndio ulikuwa usaili wangu. Kesho yake alikuja amenyoa masharubu, na nilisikia kwamba mke wake alitutumia salamu za shukrani.

Ninyi wawili mnaobaki karakanani, mmoja wa Uvira na mwingine wa Bujumbura, mmeniomba niandike haya kwa Kiswahili kwa sababu maandishi ya Kifaransa ofisi inayo tayari. Bon, sawa. Habari za vyeo na mishahara naziacha. Vyeo vilikuja vimechelewa kama treni ya Jumapili, na mishahara waulizeni watu wa kodi, wanaikumbuka vizuri kuliko mimi. Nitaandika kuhusu mikono, vifaa, na ule mrija mmoja.

Nilitoka Bukavu nikiwa fundi saa. Hapa Brussels nilikuwa na kibanda mtaa wa Saint-Josse, natengeneza saa na simu, kati ya muuza mikate wa Kituruki na duka la mizigo ya kwenda Goma. Lucien alinijia na saa ya marehemu baba yake. Tulibishana bei muda mrefu kuliko nilioutumia kuitengeneza, na wakati wote huo yeye alikuwa anaangalia vidole vyangu. Mwishowe akaniuliza kama ningependa kufanya kazi ya vitu vidogo zaidi ya saa. Nikamwambia nitafikiria. Nilikuwa nimeshafikiria, lakini mtu haonyeshi.

Kazi yenyewe mnaijua, ila nitaieleza kwa ajili ya mke wangu, ambaye atasoma hapa na ambaye kwa miaka yote amekuwa akiniuliza swali moja. Leza nyingi sana, zilizokusanywa kwenye jengo kubwa kama uwanja wa mpira, zinapigwa kwa mara moja kuelekea kapsuli moja. Leza hiyo haiko Ubelgiji. Iko safari ya treni kutoka kwetu, na sisi karakana yetu ndogo tulikuwa tunaitengenezea kapsuli. Ndani ya kapsuli kuna hidrojeni nzito iliyogandishwa, imepakwa ukutani kama siagi. Ganda likipigwa, linabonyea kwenda ndani kutoka pande zote kwa pamoja, na hidrojeni ile, ambayo ndiyo mafuta yetu, inabanwa mpaka viini vyake vinaungana, kama vinavyoungana ndani ya jua. Kama ganda ni duara kamili, linabana vizuri. Kama si duara, inakuwa kama kubana bugali kwenye ngumi: palipo na mwanya kati ya vidole, ndipo unapotokea.

"Donc," mke wangu alikuwa akisema anaporudi kutoka zamu yake hospitalini Jette, "mie nageuza wagonjwa siku muzima, na weye unageuza kapunje kenye muntu hawezi ona. Alafu jioni njo weye unasema umechoka."

Nimestaafu, na bado ananiuliza.

Aliyeibatiza kapsuli jina la "ulezi" ni Sharifu, mtu wa Buyenzi, Bujumbura, fundi wetu wa gesi na baridi. Alikuwa mtulivu, mwenye ndevu zilizochanwa na kope ndefu ambazo zingefaa kuwekwa bima. Kope hizo zina sehemu yake katika historia ya fizikia, na nitaisema kwa sababu haimo kwenye ripoti yoyote. Kuondoa vumbi juu ya ulezi huwezi kutumia brashi, kwa kuwa unywele wa brashi hapo ni kama gogo. Lucien alinifundisha kubandika ukope mmoja wa mtu kwenye ncha ya kijiti cha meno. Ukope una ncha laini, unapinda bila kuvunjika, haukwaruzi almasi. Lakini uwe wa mtu asiyepaka wanja. Kope zangu ni fupi. Za Lucien zilikuwa zimeisha. Basi ilibaki kwenda kwa Sharifu.

"Sharifu, nina shida ya ukope."

"Wa jicho gani?"

"Lolote."

"La kulia ni ghali, ndilo ninalofumba nikilenga."

Tulikubaliana sambusa kwa kila ukope, sambusa ya mtaa wa Chaussée de Wavre, si ile ya mashine ya ofisini. Alikuwa anafumba macho na kunyamaza kama mtu anayenyolewa, kisha anaikagua sambusa kabla ya kuipokea.

Aliyekuwa anatuagiza kapsuli ni Griet, mwanafizikia, mwanamke mrefu wa Kiflamandi anayetembea kama amechelewa hata akiwa amewahi. Siku yake ya kwanza na mimi aliniletea agizo: juu ya ganda pasiwe na kilima kinachozidi nanomita kumi. Nanomita kumi ni kitu kidogo kiasi kwamba ukikifikiria unasinzia. Nikamwambia, "Ishirini."

Lucien, nyuma yangu, aliangusha kijiko cha kahawa. Griet aliniangalia. "Samahani?"

"Kumi ni kidogo mno. Nipe ishirini."

"Monsieur Déo, hii ni fizikia."

"Ndiyo. Na mimi ndiye ninayesugua."

Nilidhani atakwenda kunishtaki. Badala yake alikwenda kwenye kompyuta yake, akakaa saa nzima, akarudi. "Kumi kuzunguka mrija wa kujazia," akasema, "kumi na tano kwingine kote." Nikamwambia kumi na nane upande wa chini. Akarudi tena kwenye kompyuta. Ilipofika jioni tulikuwa tumejua, kwa mara ya kwanza, ni upande gani wa ganda hasa unaoharibu mbano na upande gani ni wasiwasi tu. Kabla ya hapo alikuwa anaomba usafi kila mahali, kama mgeni anayefagia mpaka barabarani. Toka siku hiyo hakuna agizo lililopita bila kupatana, na kapsuli zetu zikawa bora kila mwaka. Hilo mliandike mahali: yule anayeuliza "kwa nini kumi?" si mvivu siku zote.

Kosa langu, kama ni kosa, lilikuwa kumpeleka Griet Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels. Dada yake alikuwa anaolewa, naye akataka kitenge kizuri. Tukaenda Chaussée de Wavre, kwa maman mmoja wa Uvira mwenye duka refu na jembamba kama korido. Griet akaona kila kitu: maman anataja bei ya kuchekesha, mimi nashika moyo, maman anasema watoto wake watakula nini, mimi nageuka mlangoni, maman ananiita "tonton, rudi, usikasirike," na tukipatana nasema "Bon, nifungie." Griet alisimama katikati na kitenge mkononi, ametulia kabisa. Nilidhani amechoshwa. Kumbe alikuwa anasoma.

Agizo lililofuata lilikuja na namba za wazimu. Unene wa ganda usitofautiane hata kidogo, gundi isionekane, mambo ya peponi. Nikapunguza nusu, akalalamika kidogo, tukamaliza pale alipotaka toka mwanzo. Lucien akaniambia, "Umeharibu mwanafizikia mzuri." Tukaishi hivyo miaka. Alikuwa anaomba mara mbili ya anachohitaji, mimi nampa nusu ya alichoomba, na kila mtu karakanani alijua hesabu hiyo, pamoja na Sharifu.

Sasa mrija. Ili hidrojeni iingie ndani ya ulezi, tunatoboa tundu na kubandika mrija wa kioo, mwembamba kuliko unywele. Leza ikipiga, pale penye mrija ganda halibonyei sawa. Kimshipa cha almasi kinachuruzika hadi katikati ya mafuta ya moto na kuyapoza, kama mtu anayemwaga maji kwenye sufuria ya maandazi. Griet alikuwa anasema hivyo kwa miaka. Wakubwa wengine walisema tatizo ni leza, wengine barafu. Yeye alisema mrija, kila mkutano, mpaka wakawa wanaangalia saa anapofungua mdomo. Tulikuwa tumeshuka kutoka mikroni thelathini, yaani sehemu thelathini za elfu za milimita, hadi kumi. Picha zinazopigwa ganda likibonyea ziliboreka, lakini si vya kutosha kumnyamazisha mtu.

Ndipo mkurugenzi akatuita. Alisema vizuri, kwa sauti ya daktari. Pesa za utafiti zinapungua, mradi wetu umepewa mpigo mmoja wa mwisho wa leza. Kama picha haionyeshi kwamba mrija ndio adui, karakana itafungwa na Griet atarudi kufundisha sekondari. Sisi wengine hakusema tutarudi wapi. Mimi nilikuwa na kibanda kichwani bado. Lucien alikuwa ameshastaafu na angeumia kusikia. Lakini Griet alitoka mle ndani akashika reli ya ngazi kama yuko kwenye meli.

Kesho yake aliniletea agizo. Lilisema mrija wa mikroni tano.

Nieleweni vizuri. Kwa kawaida ningesema kumi na tano, yeye angesema saba, tungepatana kumi. Alikuwa anangojea. Alikuwa hata ameegemea meza, mkao wa kupatana. Lakini niliangalia uso wake, macho yamevimba, na koti amelifunga vifungo vibaya. Nikamhurumia.

"Sawa," nikasema. "Tano."

Akasubiri kidogo. Kisha akaondoka taratibu, akageuka mara moja mlangoni. Mtu wa Bukavu akikubali bei ya kwanza, ujue kuna mgonjwa nyumbani. Yeye hakulijua hilo. Alidhani nimepata mbinu mpya.

Wiki zilizofuata nilivuta mirija ya kioo juu ya mwali, mmoja baada ya mwingine. Mrija wa mikroni tano unavunjika ukiuangalia kwa hasira. Unavunjika mtu akifunga mlango wa lifti. Unavunjika tramu ikipita, na hapo barabarani kwetu tramu zinapita kama hazina kwao. Nilijifunza kubandika kati ya tramu mbili, gundi tone dogo kiasi kwamba unaliweka kwa imani. Nikapata mmoja uliokaa. Nikapima upana wake kwa hadubini, nikapima tena: tano. Nikauweka kwenye kisanduku, nikaandika juu yake "5". Griet alipoona ile namba, aliichukulia kama bei iliyotajwa, si bei iliyouzwa. Akamwambia Sharifu pembeni, "Panga ujazaji wako kwa kumi, kama kawaida yake." Sharifu akapanga kwa kumi.

Tulisafiri watatu kwa treni, mimi nimepakata kisanduku. Katikati ya safari wakaingia askari wa ukaguzi. Griet alikuwa amekwenda kutafuta kahawa. Askari akauliza kuna nini ndani ya kisanduku.

Sharifu akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, akiangalia dirishani, "Mwambie ukweli, Mzee Déo. Mwambie wewe ni Mkongomani, uko kwenye treni, na umebeba almasi isiyo na risiti. Halafu mimi nitajifanya sikujui."

Nikamwambia askari ni sampuli. Akataka kuona. Nikafungua. Akaangalia, akasogea, akaangalia tena.

"Hamna kitu humu."

"Ndiyo, monsieur," nikasema. Akanirudishia hati zangu kwa heshima ile wanayowapa watu wasio na akili timamu.

Tulipofika kwenye leza, mpigo wetu ulikuwa siku hiyohiyo saa tisa alasiri. Tukaufunga ulezi kwenye mkono wake wa chuma asubuhi mapema, Sharifu akafungua gesi, akakaa mbele ya kipimo na bilauri ya chai. Baada ya muda akaweka chai chini.

"Mtoto hanyonyi," akasema.

Tukasogea. Sindano ya kipimo ilikuwa imepanda kidogo sana, kama mtu anayeinuka kitandani bila kutaka.

"Umeziba mrija kwa gundi," Sharifu akaniambia.

"Gundi yangu haijaziba mrija toka uzaliwe kazini."

"Basi mbona hanywi?"

Griet akainamia kipimo. Kama mrija umeziba, mpigo umekwisha, na kila kitu kimekwisha nao. Uso wake ulikuwa umekuwa mweupe kuliko koti lake la maabara. Akauliza, kwa sauti ndogo, "Déo, huu mrija una upana gani?"

"Tano."

"Najua niliagiza tano. Nauliza una upana gani."

"Tano. Nimepima mara mbili."

"Tano ya kweli?"

"Kuna ya uongo?"

Akakaa kwenye kiti cha Sharifu. "Niliomba tano ili unipe kumi."

"Nilikuona umechoka. Nikakupa ulichoomba."

Sharifu alituangalia, mmoja, kisha mwingine. "Kwa hiyo," akasema, "miaka yote mlikuwa hamsikilizani na kazi inakwenda. Mara hii moja mmesikilizana, ndiyo tumeharibikiwa."

Mnajua hesabu ya mrija, au mtaijua. Ukipunguza upana wake nusu, gesi haipiti nusu. Inapita sehemu moja ya kumi na sita. Ujazaji ambao Sharifu alikuwa ameupangia muda wa saa moja sasa ulihitaji saa kumi na sita, na baada ya hapo barafu nayo inataka muda wa kutulia. Griet alifanya hesabu mara moja, mimi mara mbili, jibu likakataa kubadilika. Saa tisa isingewezekana. Kesho alasiri ingewezekana.

Kisha nikaona kitu cha ajabu: Griet anatabasamu, machozi yakiwa machoni.

"Déo, tano ndiyo namba niliyoipata kwenye hesabu zangu toka mwanzo. Ya kumi ingeonyesha kidogo, wangebishana. Ya tano itaonyesha wazi. Sikuwahi kuitumaini, nilikuwa naitaja tu." Akafuta macho. "Kama tungekuwa na kesho."

Basi nikaenda kutafuta kesho.

Mkuu wa mipigo alikuwa Madame Solange, mwanamke mdogo wa umbo aliyekuwa na sifa ya kutosogeza ratiba hata kwa waziri. Alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake.

"Madame, tunahitaji siku tatu," nikasema.

"Hapana."

"Mbili."

"Hapana. Monsieur, hapa si sokoni."

"Naona. Sokoni wangekuwa wameshanipa kiti."

Akasukuma kiti kwa mguu. Nikakaa, na nikajua tumeanza.

"Kesho alasiri," nikasema.

"Kesho alasiri ni ya kundi lingine. Nenda ukaongee nao. Wakikubali kubadilishana na nyinyi, naandika. Wakikataa, wewe hukuwahi kuja hapa."

Kundi lingine lilikuwa watafiti wawili, mume na mke, wapole, wenye kapsuli ya gesi tupu isiyohitaji barafu. Mtaani kwetu huanzi kwa kueleza njaa yako. Nikawauliza hali ya kapsuli yao. Wakahuzunika wote wawili kwa pamoja: ina chembe ya vumbi karibu kabisa na mrija, wameipuliza, wameisihi, haitoki, wameamua kuipiga hivyohivyo. Nikaomba kuiona. Nikainama kwenye hadubini, nikasema "hmm". Hiyo "hmm" ilinichukua miaka kuijua. Ukiisema fupi, mtu anaona huna hofu. Ukiisema ndefu sana, anaona unaigiza.

"Ninaweza kuitoa," nikasema. "Ninyi mchukue saa tisa yetu ya leo. Sisi tunachukua yenu ya kesho."

"Na ukiivunja?" mke akauliza.

"Nikiivunja, nawapa ya akiba yetu."

Wakaongea pembeni. Mke akarudi. "Uitoe chembe, na utupe ya akiba vilevile. Hata usipovunja."

Nilimheshimu kuanzia pale. Lakini ya akiba ndiyo kapsuli pekee nyingine tuliyokuwa nayo, ya mikroni kumi. Tukiitoa, na ile ya tano ikivunjika kabla ya kesho, hatuna kitu cha kupiga. Sikuwa na haki ya kuiuza peke yangu. Nikarudi kwa Griet, nikamweleza. Alikuwa ameketi karibu na Sharifu, wote wanaangalia sindano inavyopanda kama watu wanaosubiri chungu cha maharage.

"Ukiwapa ya akiba, tumebaki na moja," akasema.

"Ndiyo."

"Na kama hatuwapi?"

"Tunapiga leo saa tisa: ulezi mtupu, au ile ya kumi, nao wabishane."

Akaangalia ulezi. "Wape," akasema. Kisha, "Hukuweza kuwapunguza?"

"Yule mwanamke hapunguziki."

Nikamgeukia Sharifu. Hakusubiri niseme. Akavua miwani, akafumba macho. "Wa kulia," akasema. "Leo ni bure."

Niliitoa ile chembe mbele ya mume na mke, kwa mguso mmoja. Mume akauliza kifaa hicho kinanunuliwa wapi. Nikamwambia kinatoka Bujumbura, na kinapatikana kwa tabu. Walipiga saa tisa, wakapata picha safi, wakatuletea keki.

Usiku sisimulii, hakuna kilichotokea isipokuwa sindano kupanda na Sharifu kukataa kulala. Alasiri ya kesho tulikuwa kwenye chumba cha kuongozea, tumesimama nyuma ya kioo. Nilikuwa nimewaza kwamba mpigo wa mwisho ungekuwa na kishindo. Ninyi mtakaokwenda, msitegemee kitu. Wanahesabu kurudi nyuma, mtu mmoja anakohoa, kengele ndogo inalia kama ya lifti, na punje uliyoifanyia kazi wiki zote hizo haipo tena. Haikuchukua hata muda wa kupepesa jicho. Sharifu alikuwa anasoma dua yake, mimi nilikuwa kwenye rozari yangu, tumegawana mbingu ili pasiwe na upande uliosahauliwa. Griet alikuwa hasali. Alikuwa amenishika mkono wa koti na anaukunja kidogokidogo kuelekea kwenye kiwiko.

Kisha picha ikaja. Katika picha zetu zote za zamani, upande wa mrija palikuwa na alama nyeupe inayochoma hadi katikati, kama mshumaa ulioingizwa kwenye chungwa. Tulikuwa tumeizoea kama mtu anavyozoea kovu la ndugu yake. Sasa katikati palikuwa duara, mviringo, moto, na pale pa mrija palibaki kivuli ambacho ungelazimika kuonyeshwa. Kipimo cha nyutroni, zile chembe zinazoruka viini vikiungana, kilihesabu zaidi kuliko mpigo wetu wowote wa nyuma. Mtu wa leza, ambaye alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wanaangalia saa kwenye mikutano, akavua miwani, akaivaa, akasema, "Kumbe ni mrija."

Griet akasogelea skrini. Alikuwa anaangalia kitu kingine. Juu na chini ya lile duara palikuwa na mistari miwili hafifu, kama ukanda uliobana tumbo.

"Ule ni utando," akasema.

Utando ni ule wa plastiki unaoishika kapsuli isielee katikati ya chombo chake, mwembamba kuliko utando wa buibui. Alama yake ilikuwa hapo siku zote, lakini ile ya mrija iliifunika, hakuna aliyeiona. Nilidhani atakata tamaa, maana tumeua adui mmoja amezaliwa mwingine. Lakini mkurugenzi alipopiga simu kuuliza imekuwaje, nilimsikia Griet akimwambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwenye mkutano wowote, "Nilikuwa sahihi kuhusu mrija. Na sasa nina tatizo jipya, lenye picha." Akasikiliza. Akasema ndiyo. Akasema ndiyo tena. Akaweka simu chini, akatuambia karakana inaendelea.

Sharifu akasema alhamdulillahi, akalala palepale kwenye kiti.

Jumatatu niliwahi. Tramu zilikuwa zinapita kama kawaida, nilikuwa nasafisha hadubini. Griet akaingia, koti limefungwa sawasawa, mkononi ana karatasi ya agizo la utando mpya. Hakuegemea meza. Alisimama wima mbele yangu kama mtoto anayesoma darasani.

Akataja unene. Ulikuwa mdogo, lakini haukuwa wa peponi.

Nikasubiri, kwa mazoea. Yeye naye akasubiri. Nje ikapita tramu, vibano vikatetemeka mezani, vikatulia.

"Hiyo ndiyo unayoitaka?" nikauliza.

"Ndiyo ninayoitaka."

"Hakuna nyingine umeificha nyuma yake?"

"Hakuna."

Nikarudia ile namba kichwani mara mbili. Nikanyoosha mkono, nikachukua karatasi.

"Bon," nikasema. "Nifungie."